Gari la Familia Kinanie: Petroli, Dizeli au Haibridi?

Anayeishi Kinanie na kufanya kazi Nairobi ana njia mbili za kufika mjini. Ya kwanza humtoa hadi Barabara ya Mombasa, ikampitisha Athi River katikati ya malori ya saruji, kisha Mlolongo, ambako huamua kama atalipia Nairobi Expressway au atabaki chini na wenzake. Ya pili huelekea Joska na kuingia Barabara ya Kangundo, ikapita Kamulu na Ruai. Kabla ya kuikuta lami yoyote kati ya hizo, wengi hutoka kwenye ploti zao kwa vijia vya udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania tairi wakati wa masika.

Safari hiyo moja inalidai gari mambo matatu: lihimili vumbi na matope mwanzoni, liende kasi katikati, na livumilie msongamano mwishoni. Ndiyo sababu familia ya Kinanie inayotafuta SUV ya wastani, iwe Toyota Harrier, RAV4, Mazda CX-5, Nissan X-Trail, Subaru Forester au Honda CR-V, haiwezi kuazima jibu la mkazi wa Kilimani. Msimamo wa safu hii ni kwamba haibridi kamili inazifaa familia nyingi za hapa kuliko zenyewe zinavyodhani, lakini kwa masharti mawili. Gari liwe linaingia kwenye foleni karibu kila siku ya kazi, na likae mikononi mwa mwenyewe kwa miaka mingi. Sharti moja likikosekana, petroli ya kawaida hushinda, na kwa wachache dizeli.

Tuanze na foleni, kwa kuwa ndiko pesa zinakoyeyukia. SUV yenye uzito wa tani 1.7, ikiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hubeba nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 236. Dereva akikanyaga breki hadi akasimama, nishati yote hiyo hugeuka joto kwenye pedi na diski, ikaishia hewani. Kulirudisha gari kwenye mwendo uleule huhitaji, kwa hesabu ya karibu, mililita 25 hadi 30 za petroli. Kwa bei ya Sh185 kwa lita hizo ni kama shilingi 5. Shilingi 5 mtu huziacha kwenye kibanda cha maziwa bila kudai chenji, ila dereva wa Barabara ya Mombasa huzilipa kwenye kila tuta, kila mzunguko, kila mara lori linapochepuka kuelekea mizani ya Mlolongo na msururu mzima ukaganda nyuma yake. Ongeza hapo muda ambao injini inanguruma gari likiwa limesimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Injini ya lita 2 hunywa karibu lita moja kwa saa katika hali hiyo, bila kumsogeza mtu hatua moja.

Haibridi kamili hushambulia hasara hizo mbili moja kwa moja. Chukua Harrier ya kizazi kilichozinduliwa Japani Juni 2020. Toleo la haibridi lina injini ya lita 2.5 na mota mbili za umeme zilizounganishwa kwa seti ya gia za sayari. Dereva anapopunguza mwendo, mota kubwa hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati ile kwenye betri. Anapoondoka polepole, betri hiyo humsukuma injini ikiwa imezimwa. Foleni ikisimama, injini husimama nayo, na kiyoyozi huendelea kwa umeme. Injini yenyewe hufanya kazi kwa mzunguko wa Atkinson, unaotoa nguvu kidogo lakini hubana mafuta, na Toyota huitaja kuwa na ufanisi wa joto wa asilimia 41. Pale inapopungukiwa, mota hujazia.

Kwa vipimo vya WLTC vya Japani, Harrier ya petroli ya lita 2 inayoendeshwa na magurudumu mawili hupata kilomita 15.4 kwa lita. Haibridi ya magurudumu mawili hupata kilomita 22.3. Hakuna dereva wa Kinanie atakayeziona namba hizo barabarani, basi tukate robo nzima kwa ajili ya matuta, malori na mzigo wa familia. Tunabaki na kilomita 11.5 kwa petroli na 16.7 kwa haibridi.

Sasa tuziingize kwenye maisha ya mtu. Kwenda mjini na kurudi tukadirie kilomita 80. Kwa siku za kazi za mwaka, ukitoa likizo na sikukuu, tunafika kama kilomita 20,000 pamoja na safari chache za wikendi. Petroli itahitaji lita 1,739. Haibridi lita 1,198. Kwa Sh185 kwa lita, bei iliyo karibu na ile ya Nairobi katika miezi ya mwisho ya 2025, tofauti ni kama Sh100,000 kwa mwaka. Oktoba 2023, mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, ilipotangaza bei ya Sh217.36 jijini, tofauti hiyo ingekaribia Sh118,000. Mwenye haibridi hubaki akisubiri tangazo la tarehe 14 kila mwezi, lakini kwa moyo mtulivu kidogo.

Laki moja kwa mwaka ni karo ya muhula katika shule nyingi za binafsi. Ni pesa ya maana. Swali linalofuata ndilo wauzaji wa yadi huliruka: pesa hiyo inanunuliwa kwa shilingi ngapi?

Hapa Mamlaka ya Mapato, KRA, huingia kwenye hesabu kuliko mtengenezaji yeyote wa Japani. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ni asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1,500, asilimia 25 kwa iliyozidi hapo, na asilimia 35 kwa petroli zinazozidi sisi 3,000 au dizeli zinazozidi 2,500. Kisha VAT ya asilimia 16, inayotozwa juu ya vyote vilivyotangulia. Kodi hizi hazijumlishwi, zinapandana mgongoni. Gari la petroli la lita 2 lenye thamani ya forodha ya Sh100 hutoka bandarini Mombasa likiwa limefika Sh195.75, kabla ya tozo za tamko la uagizaji na za reli. Lenye injini ya sisi 1,500 hutoka kwa Sh187.92.

Kwa haibridi maana yake ni nzito. Thamani ya forodha hukokotolewa kutoka kwenye orodha ya KRA ya bei za rejareja, ikapunguzwa kulingana na umri wa gari, na katika orodha hiyo haibridi kwa kawaida hukaa juu ya ndugu yake wa petroli. Tuseme pengo la thamani ya forodha kati ya Harrier mbili za mwaka mmoja ni Sh300,000. Likipita kwenye kodi hizo tatu, pengo linakuwa zaidi ya Sh587,000. Mnunuzi aliyesoma kwamba haibridi inaokoa laki moja kwa mwaka atahitaji karibu miaka sita ili arudishe alichotanguliza, na hapo hatujagusa bima, ambayo kwa ulinzi kamili hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari.

Kwa hiyo mwenye tabia ya kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu asijidanganye na mafuta. Atategemea bei ya kuuzia tena, na hiyo ni kamari ya soko. Lakini familia yenye mtu anayeendesha kilomita 35,000 au 40,000 kwa mwaka, labda kwa sababu baba anafanya kazi Westlands, mama anafundisha Machakos mjini na jioni gari linapeleka bidhaa dukani, hurudisha pesa yake ndani ya miaka mitatu au minne. Kinanie ina familia nyingi za namna hiyo. Walionunua ploti huku kwa sababu ardhi ilikuwa rahisi kuliko Syokimau wamelipa tofauti hiyo kwa kilomita, na kilomita ndizo chakula cha haibridi.

Kuna tahadhari kuhusu Expressway. Barabara hiyo ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Anayeilipia asubuhi na jioni ameshanunua dawa ya foleni kwa njia nyingine. Katika mwendo usiobadilika hakuna nishati kubwa ya kurudisha kwenye betri. Adui hapo ni upepo, na upepo hauchagui injini. Haibridi bado itakuwa mbele, kwa sababu injini yake ni bora, lakini pengo litakuwa dogo kuliko la mjini. Vipimo vya Japani, ambavyo hutenganisha mji na barabara kuu, huonyesha mwelekeo huohuo. Kulipia barabara ya juu kila siku na wakati huohuo kulipia haibridi ni kununua suluhisho mara mbili kwa tatizo moja.

Jambo ambalo wanunuzi wa huku hawaulizi kamwe, na linastahili kuulizwa kwanza, ni mwinuko. Kinanie na Athi River ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko juu zaidi. Hewa hapa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Harrier ya petroli inayouzwa ikiwa na nguvu za farasi 171, zilizopimwa kwa hewa ya Japani ya usawa wa bahari, ikifika Kinanie imebaki na kama 145. Weka watu watano, mizigo ya shule na mitungi ya maji, kisha uombe ipite lori kwenye mlima wa kuelekea Machakos, na dereva ataelewa kwa nini anakanyaga hadi chini na sauti inazidi mwendo.

Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa kuwa husukuma hewa ndani kwa nguvu. Mota ya umeme haijui mwinuko kabisa. Haibridi ya lita 2.5, inayotajwa kuwa na nguvu za farasi 218 kwa jumla, hupoteza upande wa injini tu. Hii ndiyo faida ya haibridi ambayo hakuna anayeiandika kwenye tangazo la yadi, na kwa mtu wa nyanda za juu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kizazi cha Harrier kilichotangulia, kilichoanza mwishoni mwa 2013, kilikuwa na chaguo la turbo la lita 2 kuanzia Juni 2017, lenye nguvu za farasi 231. Vijana wanalipenda, na kwenye mlima linapaa. Kwa mafuta ndilo lenye kiu kuliko wenzake wote. Haibridi ya kizazi hicho ilikuja ikiwa ya magurudumu manne tu. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu usajili wake wa kwanza, na kuanzia Januari 2026 mlango umefungwa kwa yote ya kabla ya 2019, kizazi hicho kinaingia kwenye dirisha la mwisho la kuagizwa. Baada ya hapo kitabaki kuuzwa mkono kwa mkono humu nchini.

Neno haibridi kwenye mlango wa nyuma halina maana moja kwa watengenezaji wote, na hapo pesa nyingi hupotea.

Subaru Forester ya kizazi kilichozinduliwa 2018 ina toleo la e-Boxer: injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 145, ikisaidiwa na mota ya kilowati 10. Kilowati 10 ni chache mno kwa gari la ukubwa huo. Kwa vipimo vya WLTC hupata kilomita 14 kwa lita, wakati ndugu yake wa lita 2.5 asiye na mota yoyote hupata 13.2. Ukikata robo ileile na kutembea kilomita 20,000, akiba ni kama Sh21,000 kwa mwaka, huku ukiwa umeacha nguvu za farasi karibu 40 ambazo mwinuko wa Kinanie ungezihitaji. Forester inunuliwe kwa sababu zake za kweli: kimo cha milimita 220 kutoka ardhini, mfumo wa magurudumu manne unaoaminika, na mafundi wengi wanaoijua. Kuichagua e-Boxer kwa ajili ya mafuta ni kukosea gari.

X-Trail ya kizazi kilichoanza 2013 nayo ilipata haibridi mwaka 2015, yenye mota moja na klachi mbili. Ni nafuu ya wastani, na inamnyang'anya mnunuzi safu ya tatu ya viti, ambayo ndiyo iliyowavuta wengi kwenye X-Trail. Familia yenye watoto wanne na nyanya anayekuja kutoka kijijini kila likizo itaona uzito wa hasara hiyo mapema.

X-Trail mpya ni habari nyingine. Toleo la e-POWER, lililozinduliwa Japani Julai 2022, lina injini ya lita 1.5 yenye turbo ambayo haigusi magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na mota ndizo zinazoendesha gari. Kwenye foleni ya Mlolongo gari hilo liko nyumbani. Kwenye mwendo wa kasi hadi Voi, kubadilisha mafuta kuwa umeme kisha umeme kuwa mwendo hula sehemu ya faida. Vipimo ni kilomita 19.7 kwa lita kwa magurudumu mawili. Mvuto wake wa Kikenya uko kwenye sisi 1,497: linabaki ndani ya ushuru wa bidhaa wa asilimia 20. Kwa thamani ya forodha ya Sh1,500,000, nafasi hiyo peke yake huokoa zaidi ya Sh117,000 ikilinganishwa na injini kubwa. Hata hivyo, injini hiyo ina teknolojia ya kubadilisha mgandamizo ikiwa inafanya kazi, na mwaka 2025 Nissan iliyarudisha magari zaidi ya 440,000 nchini Marekani kwa ajili ya ukaguzi wa beringi za injini za familia hiyo. Huko injini husukuma magurudumu moja kwa moja, kwa hiyo mzigo si uleule. Lakini mnunuzi wa mtumba asiye na dhamana ana haki ya kusubiri miaka michache aone.

CR-V ya 1.5 turbo inanufaika na mpaka uleule wa ushuru bila umeme wowote, na turbo yake inaupenda mwinuko wetu. Kwa anayetumia Expressway kila siku na asiyetaka kusikia habari za betri, ni chaguo ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Dizeli ina wapenzi wake, na wana hoja. Mazda CX-5 ya lita 2.2, kwa matoleo ya kuanzia 2018, hutoa nguvu za farasi 190 na msukumo wa nyutonimita 450, zaidi ya mara mbili ya Harrier ya petroli. Ina turbo, hivyo mwinuko hauitishi sana. Kwa vipimo hupata takriban kilomita 17 kwa lita; ukikata robo, ni 13. Dizeli mwishoni mwa 2025 ilikuwa nafuu kuliko petroli kwa kama Sh13 kwa lita Nairobi. Kwa kilomita zetu 20,000 mwenye CX-5 atatumia karibu Sh264,000, dhidi ya Sh322,000 za Harrier ya petroli na Sh222,000 za haibridi.

Kwa nini basi isiwe jibu la wote? Kwa sababu ya chujio la masizi. Dizeli za kisasa hunasa masizi kwenye chujio la ekzosi, kisha huyachoma kwa joto kali gari likiwa kwenye mwendo mrefu usiokatika. Gari linalotoka nyumbani Kinanie kwenda shuleni, sokoni na kurudi haliufikii mwendo huo. Masizi hujaa, gari hujaribu kuyachoma na kukatizwa kila mara, na mafuta ya ziada yanayonyunyizwa kwa kazi hiyo huteremka na kuchanganyika na oili ya injini. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki inatumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa mbele, ila injini hizi zilibuniwa kwa dizeli ya Japani yenye salfa isiyozidi 10. Anayesafiri Kitui, Makueni au Mombasa kila wiki ataipenda CX-5 kwa miaka mingi, mradi abadilishe oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Anayezunguka Kinanie na Athi River ataishia kwa fundi anayemshauri akate chujio na kulitupa, na ushauri huo unawarudishia watoto wa barabarani moshi uliozuiwa kwa gharama kubwa.

Kisha kuna haibridi ya kuchaji ukutani. RAV4 ya aina hiyo, iliyozinduliwa Japani Juni 2020, ina betri ya kilowati-saa 18.1 na hutajwa kwenda kilomita 95 kwa umeme mtupu. Kata robo: 71. Inakaribia kabisa kwenda na kurudi kwetu kwa siku. Kwa kadirio la Sh28 kwa uniti pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, kujaza betri ni kama Sh560. Kilomita hizo hizo kwa haibridi ya kawaida ni karibu Sh790. Akiba ni Sh230 kwa siku, na bei ya kununulia ni ya juu sana. Mahesabu hubadilika kwa mwenye sola ya kutosha juu ya paa, na Kinanie jua halina uhaba, ila gari liwe nyumbani mchana. Gari linaloondoka alfajiri na kurudi usiku halionani na jua hilo.

Baadhi ya haibridi za Toyota huja na soketi ya wati 1,500 ndani ya gari, jambo linalowavutia wanaokumbwa na giza kila mvua inaponyesha. Ikumbukwe kwamba umeme wa soketi hiyo ni wa volti 100 za Japani. Bila transfoma, friji ya nyumbani ya volti 240 haifai kuchomekwa hapo.

Turudi kwenye udongo mweusi. Haibridi za Toyota za magurudumu manne hazina shafti ya kwenda nyuma. Mota ndogo kwenye ekseli ya nyuma hufanya kazi hiyo peke yake. Inatosha kukutoa kwenye utelezi wa lango au nyasi mbichi. Haitoshi kwa kijia kilichochimbwa na malori ya mawe mwezi Aprili, ambako mota ya nyuma itasukuma kwa muda na kupunguza nguvu ili isipate joto. RAV4 ya petroli yenye shafti ya kweli hufanya vizuri zaidi hapo, na Forester zaidi ya zote mbili. Lakini mara nyingi kinachomkwamisha mtu Kinanie ni tairi za lami zilizokwisha, kwenye gari la kimo cha milimita 190. Seti nzuri ya tairi zenye meno huwa na faida kuliko kuhama kutoka toleo moja hadi lingine.

Vumbi ni adui wa kimyakimya wa haibridi, na huku ndiko makao yake. Betri ya Harrier na RAV4 iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo hapohapo. Vumbi la barabara, nywele za mbwa, makombo ya biskuti za watoto, vyote huvutwa kwenye chujio dogo la feni. Likiziba, betri hupata joto kila jioni na kuzeeka kabla ya wakati. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, na ni aibu kwamba gereji nyingi hubadilisha oili mara kwa mara bila kuligusa. Mizigo na blanketi zisiwekwe mbele ya tundu hilo. Maji nayo ni hatari: Aprili 2024, mafuriko yalipoingia kwenye makazi ya Athi River, magari mengi yalizama hadi vitini. Haibridi iliyofikiwa na maji chini ya kiti cha nyuma haipaswi kuwashwa kabla ya fundi wa volti kubwa kuikagua.

Hofu ya betri yenyewe imezidishwa. Toyota nchini Marekani hutoa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000 kwa betri za haibridi za kuanzia modeli ya 2020, yaani karibu kilomita 240,000, na kampuni haitoi ahadi ya namna hiyo kwa kitu inachojua kitakufa. Dhamana hiyo haivuki bahari pamoja na gari la mtumba, lakini uimara huvuka. Tena haibridi ya Toyota haina starta ya kawaida, haina alteneta, haina mkanda wa injini wa nje, na pedi za breki hudumu kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Ni orodha ndefu ya vitu ambavyo dereva wa petroli huvifuata kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

Ukaguzi wa kununua basi uwe tofauti. Kwa gari lililoko yadini, kupima kwa kompyuta kuonyeshe volti ya kila kundi la seli za betri, si taa za dashibodi pekee. Kundi moja likiwa chini ya wenzake wakati gari linapanda mlima, bei ishuke au mnunuzi aondoke. Feni ya betri isikilizwe, na chujio lake litolewe palepale. Kwa RAV4 ya magurudumu manne iliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani, nyaya nene za rangi ya chungwa zinazoelekea mota ya nyuma ziangaliwe gari likiwa juu ya shimo: Amerika ya Kaskazini, kutu kwenye kiungio cha nyaya hizo ilikuwa tatizo kubwa kiasi cha Toyota kuongeza dhamana yake. Na jaribio la barabarani lifanyike saa kumi na moja jioni kati ya Mlolongo na Athi River, si asubuhi ya Jumapili. Humo ndimo gari litakamoishi.

Fundi apatikane kabla ya gari. Athi River na Nairobi wapo wanaofungua betri hizi kwa glavu za mpira na kubadilisha moduli iliyochoka, na wapo wanaoshika waya wa chungwa kwa koleo la kawaida. Anayenunua haibridi akiwa hajui atampelekea nani, anunue petroli mwaka huu na kuendelea kuuliza.